Pikapu ya Baba na Kutu Yake

Jumatatu, 3 Machi 2025

Sasa hivi tu mwanangu amechuma mboga kupitia sakafu ya gari. Nilimkalisha ndani ya pikapu ya marehemu baba nipate kuanika nguo kwa amani. Kugeuka, naona Viki ananyoosha mkono, ameshika mchicha pori, mizizi na udongo wake. Mwaka mmoja na miezi minne. Shamba lake la kwanza liko miguuni pa dereva.

Nikainua zulia. Nikalirudisha. Nikainua tena, labda nimeona vibaya. Tundu la kuingia ngumi ya Viki. Pembeni yake kutu, rangi ileile ya udongo wa huku kwetu Same, inamenyeka kama ganda la kitunguu. Nikalia kidogo. Viki akanipa ule mchicha.

Niandike wazi nisije nikajidanganya. Mume wangu Gideoni yuko Dodoma kwenye ujenzi wa barabara, anarudi Jumamosi. Amesema kwenye simu kwamba akikuta pikapu ni nzima, Jumapili tunapanda nayo Vudee kwa mama yangu. Mama miguu imemkataa, hawezi kushuka mlima, na hajawahi kumbeba Viki hata siku moja. Lakini akikuta imeoza, Rodgers wa chuma chakavu ataikata palepale uani.

Wazo la kukata katoa wapi? Kwa wifi Devotha, dada yake, tunayekaa naye ua mmoja. Anapataka pale gari linaposimama, ajenge banda la kuku wa mayai. Kila asubuhi anapima kwa hatua. Leo amepima mara mbili.

Mchana nimekwenda kwa Swalehe, fundi wa kuchomelea kule barabara kuu. Yuko kwenye mfungo, midomo mikavu, na ana mageti ya shule mpaka Ijumaa. Hata hivyo kanisikiliza. Kasema Jumamosi asubuhi atakuja na kipande cha bati ukubwa wa sahani, tundu la ngumi ni kazi ya saa moja tu. Mpaka siku hiyo nisiimwagie hata maji.

"Dada Yudith, kazi yako wewe ni moja. Usiiguse."

Mtu mwema, Swalehe. Ila hajui mambo ya nyumbani. Jumamosi asubuhi Gideoni atakuwa ameshafika, ameshaona, na wifi ameshamnong'oneza. Gari inabidi akute linang'aa. Na mimi si mgeni wa kung'arisha. Kule Vudee mama alikuwa anasugua vinara vya shaba vya kanisani kwa ukwaju na chumvi mpaka mchungaji anajiona meno. Shaba ni chuma. Kutu ni uchafu. Sioni tofauti.

Nimeloweka ukwaju ndoo nzima.


Jumanne, 4 Machi

Alfajiri nimepaka. Ukwaju mzito kama uji, chumvi pakiti nne. Sakafu, milango, madigadi, bampa. Nimepaka hata kwenye mbao za bodi ya nyuma, isionekane nimebagua. Viki kapaka tairi moja. Kufikia saa mbili kutu imeanza kutoka, chini chuma cheupe kabisa! Nimeimba. Wifi kapita na ndoo yake, kauliza kama gari linapikwa au linachunwa. Sikumjibu. Mtu mwenye ushindi hajibu.

Nikaacha likauke juani, nikaingia ndani kumnyonyesha Viki.

Sikukumbuka kwamba leo ni siku ya mnada.

Mbuzi walikuwa wanatoka tambarare, wamevuka mavumbi bila kuonja kitu tangu usiku. Waliposikia harufu ya chumvi hawakuuliza njia. Natoka nje, naona mbuzi kama arobaini wamezunguka pikapu ya baba wanailamba. Saba wako juu ya boneti. Mmoja yuko ndani, kakaa kiti cha dereva, analamba usukani. Mchungaji wao, mzee wa Kimaasai mpole sana, nilimwamkia shikamoo, kaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye gari. Kasema amechunga miaka hamsini na hajapata kuona mbuzi wakipenda gari. Kaniuliza ni la aina gani.

Walipoondoka, bampa lilikuwa chini. Rangi ya milango imekwenda nao mnadani. Wifi Devotha alikuwa ameshapiga picha, na kabla sijapata pumzi Gideoni kanipigia kutoka Dodoma. Hakugomba. Kauliza tu wale mbuzi ni wa nani na kwa nini wanaendesha.

Kilichoniua ni jioni. Chumvi ambayo mbuzi hawakuifikia, ile ya ndani kwenye mikunjo, imekula. Kile chuma cheupe cha asubuhi kimegeuka chekundu kama ubuyu. Nimegusa sakafu kwa kidole. Kidole kimepita.

Asubuhi tundu lilikuwa la ngumi ya mtoto. Sasa ni la sahani ya makande, ya mtu mzima.


Jumatano, 5 Machi. Jumatano ya Majivu

Sijalala vizuri, lakini nimeamka na akili mpya. Kama kutu haitoki, ifunikwe.

Nimekwenda duka la vipuri nikaleta pati, ile wanayozibia mabonde ya bodi. Tundu nimelijaza magazeti nikakandika pati juu, nikalainisha kwa msasa. Milango vivyo hivyo. Imetulia kama ukuta wa benki. Kisha nikakumbuka madereva wa malori hupaka oili chafu chini ya gari ili kutu isirudi. Hili si la kwangu, kila mtu Same analijua. Nikaomba kidumu gereji, nikalala chini ya gari na brashi, nikapaka.

Nilipotoka chini sikumwona Viki.

Wifi alikuwa amerudi misa ya asubuhi na alama ya majivu kwenye paji la uso. Viki alimwona, akaipenda. Hakutaka kupitwa. Kajipaka oili paji zima, halafu mashavu, halafu tumbo. Halafu, kwa upendo, kamkimbilia shangazi yake. Kwa kuwa shangazi aliruka kando, Viki kalikumbatia joho la kwaya lililokuwa kwenye kamba. Jeupe. La Pasaka.

Viganja viwili, vidogo, vizuri sana. Vidole vyote kumi vinahesabika.

Wifi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema leo ameanza Kwaresima kwa kuahidi kunyamaza, kwa hiyo atanyamaza, lakini Jumamosi hakuahidi.

Nimemsugua Viki kwa mafuta ya kupikia na sabuni. Anacheka tu. Nikambusu paji, nami nikawa na majivu.

Saa kumi kaja Rodgers kutazama gari lake, ndivyo anavyoliita. Kijana mwenye maneno matamu, amevaa kofia ya mjini. Ana sumaku imening'inia kwenye kamba. Anaiegesha kwenye bodi. Penye chuma inanasa. Penye pati inaanguka. Kaanza mlangoni: ikaanguka. Dirishani: ikaanguka. Sakafuni pale nilipojaza magazeti: ikaanguka, na ndani kukasikika mchakacho kama mtu anapekua barua.

Kaniambia kwa upole kwamba hilo si gari tena, mama Viki, hilo ni ugali umepakwa rangi. Jumamosi atakuja na sumaku yake mbele ya Gideoni mwenyewe, aone.

Nimekaa kizingitini mpaka giza. Baba alinipakia kwenye pikapu hii tangu nikiwa darasa la pili, tunashusha tangawizi na ndizi. Aliniachia mimi, si kaka zangu. Alisema mimi ndiye niliyekuwa nikiisemesha. Nami kwa siku tatu nimeilisha mbuzi na kuijaza magazeti.


Alhamisi, 6 Machi

Wazo limekuja nikiwa namchana Viki nywele. Sumaku haipendi pati kwa sababu pati haina chuma. Basi ipewe chuma.

Nashangaa mafundi wote hawajalifikiria hili. Labda kusoma sana nako kunaziba kichwa. Mimi niliishia kidato cha pili.

Kwa Swalehe sakafu nzima ni vumbi la chuma, linaruka kwenye jiwe la kusagia anaposawazisha mageti. Nimemwambia nimepita tu kumsaidia kufagia, maana namwona kachoka na mfungo. Kapinga, nikasisitiza. Nimefagia kila kona. Nimejaza makopo mawili ya maziwa ya Viki.

Alisimama akaniangalia, macho yamemlegea kwa njaa na huruma. Kasema katika karakana hii hakuna mtu aliyewahi kufagia bila kuambiwa. Akaniombea dua palepale, mimi na mtoto na mume wangu huko aliko, na akasema Jumamosi atakuja kwangu kabla ya kwa mtu mwingine yeyote. Kauliza kama sijaigusa pikapu.

Nikasema sijaigusa.

Niliitikia dua ile na makopo nikiwa nimeyafunika na kanga. Najisikia vibaya. Lakini nitamwombea na mimi, mambo yakikaa sawa.

Jioni nimebandua pati ya jana, nimechanganya mpya na vumbi la chuma, nimekandika upya kila mahali. Imebaki kidogo, nikaona isiharibike, nikaziba na nyufa za mbao za nyuma. Kisha nikajaribu kwa sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Inanasa! Sakafu inanasa. Mlango unanasa. Nimeipa Viki ajaribu, akainasisha sumaku akakataa kuondoka, tukashinda hapo tunabandika na kubandua mpaka kasinzia begani.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nimekula nikashiba.


Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Ya kwanza mwaka huu, tena ya usiku kucha. Wakulima wanashukuru. Mimi nimesimama mlangoni na kanga kichwani naangalia pikapu inavyoota maua.

Kila chembe ya vumbi la chuma imepata kutu yake. Mlango mzima una madoadoa ya rangi ya chungwa, yametapakaa kama surua. Zamani kutu ilikuwa sehemu tatu. Nimeisambaza mwenyewe kwa mikono yangu.

Wifi kapita na mwavuli. Kanyamaza, kwa ajili ya Kwaresima. Kapima kwa hatua.

Nimelia mpaka Viki naye kalia kunisindikiza. Halafu mama akapiga simu kutoka Vudee. Kauliza kama kweli Jumapili tunakuja, maana ameshafua shuka, ameshamwambia jirani yake Koleta amletee maziwa ya mtoto. Kisha kaniuliza kwa sauti ndogo, honi ya baba bado inalia?

Baba akifika kona ya chini ya nyumba alikuwa anapiga honi mara tatu. Mama akisikia anainjika chai. Chai ikichemka, baba anaingia. Miaka yote hiyo, siku zote. Tangu afariki, mama anasema chai anainjika kwa kubahatisha.

Nikamwambia honi inalia, mama. Tutapiga mara tatu.

Nikafuta machozi nikafungua stoo. Kuna kopo la rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka mlango wa choo. Pikapu nayo ni bluu. Si bluu ileile, lakini mtu aliyetoka safari na usingizi machoni atajuaje? Mvua ilipokatika nikapaka yote. Juu ya unyevu, ndiyo, lakini siku haziningoji.


Jumamosi, 8 Machi

Naandika hivihivi, bluu ingali vidoleni.

Gideoni kashuka basi saa tatu. Kambeba Viki, kanikumbatia, kisha kaiona pikapu. Akaigusa, bluu ikabaki kidoleni. Kanusa kidole. Akauliza kwa nini gari la mkwewe linanuka choo.

Swalehe kafika kama alivyoahidi, mkononi kipande cha bati ukubwa wa sahani. Rodgers naye, na sumaku, na msumeno wa chuma tayari kwenye mkokoteni. Wifi Devotha alitoka moja kwa moja kwenye maandamano ya Siku ya Wanawake, kitenge kipya, kilemba juu. Sijawahi kuona ua wetu umejaa hivyo tangu ubatizo.

Rodgers kaanza mlangoni. Sumaku ikanasa. Akaibandua, akaibandika. Ikanasa. Dirishani, ikanasa. Sakafuni, ikanasa. Akavua kofia akajikuna. Gideoni akaanza kutabasamu, lile tabasamu la upande mmoja, nami nikaanza kuiona Vudee, kona ya chini, mama na sufuria ya chai.

Kisha Viki akaichukua ile sumaku mkononi mwa Rodgers. Mchezo anaujua, nimemfundisha mwenyewe. Akakimbia hadi nyuma, akaibandika kwenye mbao.

Ikanasa.

Watu wote wakaitazama. Ilikuwa imening'inia hapo kwenye ubao wa mkaratusi, imetulia, kamba inabembea.

Swalehe akasogea. Akakwangua kwa ufunguo, akamwaga unga kiganjani, akauangalia muda mrefu.

"Dada, hata mbao yako ina chuma."

Halafu akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba vumbi hili analifahamu. Ni la mageti ya shule. Hakutaja kufagia. Hakutaja dua. Afadhali angetaja.

Wifi hakungoja. Alisema yeye atamwonyesha kaka yake sakafu yenyewe, akafungua mlango, akapanda na miguu yote miwili. Wa kushoto ukabaki ndani. Wa kulia ukashuka, polepole, na pati na magazeti ya mwaka juzi, mpaka goti. Kiatu kikasimama chini kwenye mchicha pori.

Akakaa hapo na kilemba chake. Akamwambia Gideoni, "Mwambie mkeo aje anichume, si ndiko wanakolima."

Tulimtoa watu wanne. Kitenge kimepasuka. Mguu haukupasuka, Mungu ni mwema.

Gideoni akamuuliza Swalehe kama kuna la kufanya. Swalehe akalala chini ya gari katika ile oili, na funga yake, akagonga kila mahali. Akatoka mweusi. Kasema chesisi, mifupa ya chini ya gari, ni nzima, injini nzima, marehemu mzee alilitunza. Ila Jumatatu lilikuwa tundu la ngumi. Sasa ni sakafu yote, na milango, na kwanza kuosha chumvi yote kwa maji matupu, kuna mtu kaimwaga chumvi humu kama anakausha samaki. Anaweza, lakini mpaka Idi ipite. Hakuniangalia aliposema kuna mtu.

Rodgers akaushika msumeno. Gideoni akanitazama mimi, kisha Viki, bluu mashavuni, sumaku mdomoni.

"Rudi nyumbani kaka," kamwambia Rodgers. "Gari lina mwenyewe."

Nikalia kwa sauti.

Lakini kuna sharti. Vifaranga vya wifi vitakaa bodi ya nyuma mpaka Idi, ndiyo fidia ya kitenge. Na Gideoni kanigeukia kaniambia mpaka Swalehe arudi, nisiweke kitu chochote juu ya gari hili. Kisiwe cha kula, kisiwe cha kupaka. Akirudi akakuta alama moja mpya, anampigia Rodgers mwenyewe.

Nimeapa. Nimeapa kwa jina la baba.


Jumapili, 9 Machi

Hatukwenda Vudee. Gari halina sakafu na mvua imeifanya njia ya mlimani utelezi, bodaboda na mtoto mdogo Gideoni kakataa.

Nimempigia mama. Sikujua nianzeje, kwa hiyo nikaingia kwenye pikapu, miguu juu ya kiti, nikaweka simu karibu na usukani. Nikapiga honi mara tatu. Imekwaruza, ina kutu nayo, lakini ni ileile. Vifaranga nyuma vilikurupuka vyote.

Nikasikia mlango wa bati wa jikoni, nikasikia maji. Kisha kasema oh, mwanangu, nimeshainjika.

Tukakaa hivyo kwenye simu mpaka chai yake ikachemka.

Baada ya Idi, mama. Nimemwambia baada ya Idi.


Jumanne, 11 Machi

Gideoni karudi kazini jana. Kabla hajapanda basi kaniangalia machoni kaniuliza, Yudith, hutaigusa? Nikasema sitaigusa. Na sijaigusa. Leo nimeipita mara kumi na moja kwenda kuanika nguo, mikono mgongoni.

Ila kuna doa. Kwenye boneti, upande wa kulia, dogo kama ukucha wa Viki. Jana halikuwepo. Na Idi bado wiki tatu. Mtu mwenye moyo anawezaje kuliangalia doa likikua wiki tatu? Swalehe akija akakuta boneti nalo limeliwa atasema haiwezekani tena, na mama atainjika chai ya nani?

Kulipangusa si kuligusa. Nimefikiri vizuri. Nimetambua nilikosea wapi siku ile: ilikuwa chumvi. Swalehe mwenyewe alisema, chumvi ndiyo iliyokula. Basi safari hii sitii chumvi hata punje. Ukwaju kidogo tu, na badala ya chumvi, magadi. Magadi yanalainisha hata makande ya jana, kutu ni nini? Nimepaka doa lenyewe tu. Na pembeni kidogo, ili yalingane. Na upande wa pili, lisionekane limependelewa. Linakauka juani sasa hivi, nami nimekaa hapa naandika, Viki amelala, moyo umetulia. Ni Jumanne nzuri, hakuna hata

Wifi ananiita. Anasema nitoke haraka, mbuzi wanatoka mnadani, na yule wa kiti cha dereva ameshafungua